Ni damu au ni maji? Kutafuta chanzo pale uzao wa kamba wa mapambo unapoharibika

Kundi langu la kwanza la kamba wekundu nililiharibu mwenyewe ndani ya wiki moja. Walikuwa wametoka safarini, nikawatia kwenye tangi lenye mchanga mweupe, na siku ya tano nikakaa mbele ya kioo na wavu mdogo mkononi. Kila aliyepauka nilimtoa. Karibu nusu yao niliwahamishia tangi la pili, lenye changarawe nyeusi na majani mengi, mahali ambapo sikujali kitatokea nini. Wiki ya tatu nikawasha taa ya tangi lile, nikawakuta wamekolea kuliko wale niliowabakiza. Nilikuwa nimeitupa mbegu nzuri, nikabaki na wale ambao safari haikuwachosha sana.

Tangu siku hiyo, kila tatizo la uzao nalianza kwa swali moja: hiki ninachokiona kimo kwenye damu ya kamba, au kimo kwenye maji anayoishi? Rangi, ukubwa, idadi ya mayai, vifo, vyote vinaweza kutoka upande wowote. Ukilitibu tatizo la maji kwa wavu, unapoteza kamba wazuri na tatizo linabaki pale pale. Ukihangaika na maji ilhali kasoro ni ya kurithi, unawasumbua viumbe bure na kila kizazi kinazidi kurudi nyuma. Dalili zilizo hapa chini nimezipanga kwa kadiri zinavyowasumbua wafugaji, na kila moja naipitisha kwenye swali hilo.

Kwanza pima

Kamba wengi wanaofugwa kwa ajili ya rangi wamo kwenye makundi mawili, na makundi hayo hayapendi maji ya namna moja. Neocaridina davidi, wenye asili ya mashariki ya Asia, ndio hawa wekundu, wa buluu, wa njano na wa rangi ya chokoleti. Huwa sawa kwenye pH (kipimo cha asidi ya maji) 6.5 hadi 8, ugumu wa jumla (GH) 6 hadi 12 na ugumu wa kaboneti (KH) 2 hadi 8. Caridina, yaani Crystal Red na ndugu zake wenye mabaka ya nyeupe na nyekundu au nyeusi, wanataka maji laini yenye asidi kidogo: pH 5.8 hadi 6.8, GH 4 hadi 6, KH karibu na sifuri. Wote hustawi kwenye nyuzi 20 hadi 24 za Selsiasi, ila Caridina huanza kutaabika mapema joto likipanda. Amonia na naitraiti, sumu zinazotokana na uchafu, ziwe sifuri kabisa, na naitreti isizidi miligramu 20 kwa lita.

Tangi jipya liache likae na maji huku filta ikifanya kazi kwa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuingiza kamba, mpaka bakteria wa kula amonia wajijenge kwenye sifongo ya filta na kwenye mchanga. Mtu anayechuja mbegu, yaani anayechagua kamba wa kuzalisha na kuwaondoa wengine, kwenye tangi la wiki mbili anachuja waliovumilia sumu, na huo si uzuri wanaourithisha watoto.

Vipimo viandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe. Bila daftari, swali la damu au maji halina jibu, maana hutajua kama watoto dhaifu wa mwezi huu walizaliwa kabla au baada ya maji kubadilika.

Rangi imepauka

Hili ndilo linalowapotosha wengi, kwa hiyo nitalikalia.

Rangi ya kamba imo ndani ya seli maalumu zilizo chini ya gamba, na seli hizo huitandaza rangi au huikusanya kulingana na mazingira. Mweke kamba mwekundu juu ya mchanga mweupe, chini ya taa kali, bila jani la kujificha: atajififisha ili asionekane. Mchukue huyo huyo umweke juu ya changarawe nyeusi, atakolea. Hakuna jeni iliyobadilika. Kwa hiyo tangi la kuchagulia mbegu liwe na sakafu nyeusi, na kamba wote unaowalinganisha wawe wamekaa kwenye sakafu ya rangi moja. Ukimlinganisha wa mchanga mweupe na wa changarawe nyeusi, unalinganisha sakafu.

Sababu ya pili ni chakula. Kamba hawezi kujitengenezea karotenoidi, viini vinavyotia rangi ya njano na nyekundu. Anazipata kwenye mwani na vyakula anavyookota, kisha mwili wake huzigeuza kuwa astaksanthini, ambayo ndiyo inayotia wekundu kwenye gamba na seli. Kundi lililolishwa aina moja ya tembe kavu kwa miezi mingi hupauka polepole, wote kwa pamoja. Wape unga wa spirulina, majani ya mboga yaliyochemshwa kidogo, na uache mwani uote kwenye kioo cha nyuma. Neno la kushika hapo ni *wote kwa pamoja*. Kupauka kwa kundi zima ndani ya wiki chache ni alama ya maji, chakula au hofu. Kasoro ya damu haifanyi hivyo: inawapata baadhi, wengine wanabaki wamekolea kama zamani, kwenye tangi lile lile na chakula kile kile.

Sababu ya tatu ni umri. Mtoto akianguliwa ana urefu wa milimita 2 hivi na ni kama kipande cha kioo chenye macho. Rangi inaingia taratibu, na mstari mzuri (ukoo wa kamba unaozalishwa kwa rangi yake) wakati mwingine huchelewa kuliko mstari wa kawaida. Mimi simhukumu kamba yeyote kabla ya wiki 8.

Sababu ya nne ni jinsia, na hiyo nitaieleza peke yake hapa chini kwa sababu ndiyo inayoua mistari mingi.

Ukibaki na shaka, fanya jaribio hili. Wahamishe unaowashuku kwenye tangi au sanduku lenye sakafu nyeusi, kwa maji yale yale ya tangi lao, wapate chakula cha namna mbili tatu, na usiwasumbue kwa wiki 2. Aliyekolea alikuwa na shida ya mazingira. Aliyebaki vile vile, huyo ni damu yake.

Siku ya kuamua, mtoe mmoja mmoja na kumweka kwenye kikombe cheupe chenye maji ya tangi. Mpe dakika chache atulie, maana akiogopa hupauka mbele ya macho yako. Kisha mmulike kwa tochi ndogo kutoka ubavuni. Kwa jike wa kawaida mwanga unapenya, utaona utumbo wake kama uzi mweusi mgongoni, na nyuma ya kichwa utaona mayai machanga yaliyolala kwenye kifuko kama tandiko la njano juu ya punda. Kwa jike mzuri sana tandiko hilo hulioni, kwa sababu rangi imeliziba. Shuka na mwanga mpaka kwenye miguu. Miguu ndiyo inayosema kweli: kamba wengi wana mgongo uliokolea lakini miguu yao ni ya kioo, au ina vidoa vilivyokatika katika. Aliyejaa rangi mpaka kwenye vifundo vya miguu ndiye wa kubaki.

Unachuja kila mwezi lakini rangi imegota

Nikisikia malalamiko haya, jambo la kwanza ninalouliza ni: madume unawachagua vipi? Mara nyingi jibu ni kimya.

Dume wa Neocaridina kwa maumbile ni mdogo, mwembamba na amepauka kuliko jike. Mfugaji anatazama tangi, macho yanavutwa na majike, anawaondoa majike wabaya na kuyaacha madume yote kwa sababu "madume ndivyo yalivyo". Lakini nusu ya jeni za kila mtoto zinatoka kwa dume. Tena dume mmoja anaweza kuwapanda majike wengi, kwa hiyo dume mbaya mmoja anarudisha nyuma kazi ya miezi.

Mlinganishe dume na madume wenzake, kamwe usimlinganishe na majike. Dume bora kwenye tangi langu anaonekana kama jike wa kati tu, na ningekuwa simtambui jinsia ningemtoa. Kuwatofautisha si kazi kubwa wakishafika sentimita 1.5 au 2. Tazama tumbo ukiwa ubavuni: la jike limeshuka na kupinda kama sehemu ya chini ya mashua, kwa sababu magamba ya tumboni ni mapana ili yafunike mayai. La dume limenyooka.

Watoe madume hafifu mapema, kabla hawajakomaa. Neocaridina huanza kuzaa wakiwa na miezi 3 hivi, kwa hiyo ukisubiri mpaka mwezi wa tano ndipo uchuje, kizazi kinachofuata kimeshapandwa na hao hao uliokusudia kuwaondoa.

Sababu nyingine ya kugota ni uchache. Ukipata watoto 12 na ukabakiza 8, hujachagua chochote. Uchaguzi unaanza kuwa na nguvu pale unapokuwa na watoto 80 au 100 na unabakiza 15. Hapo utagundua kwamba kutunza watoto wasife ndiyo nusu ya kazi ya kuchagua mbegu.

Watoto wanatoka kahawia

Umenunua wekundu safi na buluu safi, ukawaweka tangi moja kwa kuwa wanapendeza wakiwa pamoja. Miezi michache baadaye tangi limejaa watoto wa rangi ya tope, wenye madoa, au wa kioo. Hapa maji hayahusiki. Wote ni Neocaridina davidi, wanazaliana bila shida, na kila mstari wa rangi ulijengwa kwa njia yake. Ukiichanganya, vipande vinavyokamilishana vinatawanyika na sura ya kamba wa porini inarudi.

Usijaribu kuwachuja hao kahawia ili urudi kwenye wekundu. Inawezekana, lakini ni kazi ya vizazi vingi ambayo kamba wachache safi wangeimaliza kwa siku moja. Tenga: rangi moja, tangi moja.

Kama una hakika hukuchanganya, fuatilia njia hizi. Jike aliyekuja kwako akiwa tayari anapakata mayai amepandwa na dume usiyemjua. Watoto wake wa tumbo la kwanza waweke pembeni. Habari njema ni kwamba jike hupandwa upya kila baada ya kujivua gamba kwa ajili ya tumbo jipya, kwa hiyo matumbo yanayofuata yatakuwa ya madume wako. Njia nyingine ni majani na wavu. Mtoto wa milimita 2 anajificha ndani ya fungu la majani ukilihamisha kutoka tangi hadi tangi, nawe humwoni. Kila tangi liwe na wavu wake, na majani yanayohama yakae kwenye ndoo ya maji kwa siku kadhaa, kisha ikaguliwe kwa tochi.

Kwenye Caridina kuna sababu ya tatu, na hiyo inapendeza kuielewa. Wekundu wa Crystal Red ni jeni inayojificha mbele ya weusi. Hisayasu Suzuki wa Japani, aliyeujenga mstari huo katika miaka ya 1990, alianza na kamba wekundu wachache mno waliojitokeza kati ya weusi, akawalea mpaka wakatulia. Kwa sababu wekundu hujificha, kamba mweusi kabisa anaweza kuubeba bila wewe kuona. Ukiwazalisha weusi wawili wanaoubeba, kwenye mayai 24 tarajia weusi 18 na wekundu 6, na kati ya hao weusi 18, kama 12 watakuwa nao wameubeba. Watoto wekundu kutoka kwa wazazi weusi si uchafu ulioingia tangini. Walikuwemo tangu mwanzo.

Unayetaka weusi usiotoa wekundu, mpime kila mzazi. Mtenge dume mweusi na jike mwekundu, wawili tu, maana wakiwa wengi hutajua baba ni nani. Akitokea mtoto mmoja mwekundu, dume huyo anaubeba. Wakitoka watoto 10 wote weusi, ujue kwamba kwa dume anayeubeba jambo hilo hutokea chini ya mara 1 kati ya 1,000, na mimi hapo namwamini.

Jike anadondosha mayai

Kwa kawaida mambo huenda hivi. Jike anajivua gamba, anatoa harufu ndani ya maji, na ghafla madume yote yanaanza kuzunguka tangi yakiogelea huku na huko bila kutulia. Baada ya saa chache utamwona jike ana mayai 20 au 30 chini ya tumbo, akiyapepea kwa miguu ya kuogelea. Kwa nyuzi 22 hadi 24 huyapakata kwa takriban siku 30, na siku za mwisho unaona vidoa viwili vyeusi kwenye kila yai: macho ya mtoto.

Mayai yakidondoka siku mbili tatu za mwanzo, shuku kwamba hayakurutubishwa. Hesabu madume. Joto lina mkono wake hapa: Neocaridina waliolelewa kwenye maji ya nyuzi 20 hivi huelekea kutoa majike wengi, na wa nyuzi 26 huelekea kutoa madume wengi. Mfugaji anayewaweka kwenye baridi ili waishi muda mrefu anaweza kujikuta na tangi la majike matupu. Jike wa tumbo la kwanza pia hudondosha mara nyingi. Huyo msamehe, mtazame tumbo la pili.

Mayai yakidondoka katikati ya safari, damu ni ya mwisho kushukiwa. Uliza ulibadilisha maji mengi kwa mara moja? Joto lilipanda? Samaki alimkimbiza? Mshtuko wa maji unaweza kumfanya jike ajivue gamba kabla ya siku, na mayai yanabaki yameshikamana na gamba lililoachwa. Ukiliona gamba hilo mapema, liweke kwenye kikapu chembamba karibu na mapovu ya pampu ya hewa, mayai yatikisike. Baadhi huanguliwa.

Jike anayedondosha mara tatu mfululizo huku wenzake wanaangua salama, huyo nampeleka tangi lingine hata akiwa mwekundu kama damu. Kulea mayai ni tabia, na tabia pia inarithiwa. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Tahadhari moja: ukiona nyuzi nyuzi za kijani kibichi au njano zimejaa kati ya miguu ya kuogelea, si mayai. Ni kimelea. Mayai ni mviringo, yametengana, na jike anayapepea. Hizi zimesongamana kama uzi wa sufi. Ukiona dume "ana mayai", umeshapata jibu. Mtenge siku hiyo hiyo.

Mayai yanaanguliwa, watoto hawaonekani

Watoto wa kamba hawa hawapitii hatua ya kuelea majini kama kamba wa baharini. Wanatoka wakiwa na umbo la wazazi na papo hapo wanaanza kula. Kwa hiyo wakipotea, wamekufa njaa, wameliwa au wamevutwa na filta.

Njaa ndiyo inayosahaulika. Mtoto hatembei kufuata tembe uliyodondosha upande wa pili. Anakula utando laini wa viumbe vidogo unaoota juu ya majani, mbao na kioo, hapo hapo alipo. Tangi linalong'aa kwa usafi ni jangwa kwake. Acha kusugua vioo vitatu kati ya vinne, weka majani makavu yaliyolowekwa, na tumia filta ya sifongo, ambayo haivuti watoto na yenyewe inaota utando wanaoula.

Wanaowala: samaki karibu wote, hata wale wanaosifiwa kuwa wapole. Halafu kuna planaria, mnyoo bapa mwenye kichwa cha pembetatu anayeteleza juu ya kioo usiku, na haidra, aliye kama ufagio mdogo uliobandikwa kwenye kioo. Wote wawili ni alama ya chakula kingi kinachobaki. Punguza kulisha kwanza. Fenbendazoli, dawa ya minyoo ya mifugo, huwaua planaria na kamba huistahimili kwa kipimo kidogo, lakini baadhi ya konokono hawaiwezi, kwa hiyo wahamishe kabla.

Wanakufa wakijivua gamba

Dalili yake ukiiona mara moja huisahau: mstari mweupe umezunguka mwili mzima, pale kichwa kinapoungana na tumbo, kama pete. Gamba la kawaida hufunguka mgongoni na kamba anaruka nje kwa sekunde chache. Hili limekatika kuzunguka, naye amekwama kati ya la zamani na jipya. Usimvue kwa mkono. Wengi wanaojaribu wanamrarua.

Karibu kila mara chanzo ni maji. GH iliyo chini mno inamnyima kalsiamu na magnesiamu za kujengea gamba jipya. Iliyo juu mno inalifanya gamba kuwa gumu kupasuka. Lakini muuaji mkubwa ni badiliko la ghafla. Ukimwaga theluthi ya tangi na kuingiza maji yenye madini machache, kamba hujivua kabla hajawa tayari. Badilisha asilimia 10 kwa wiki, maji mapya yawe na kipimo kile kile cha TDS (jumla ya madini na vitu vingine vilivyoyeyuka majini), yaingie kwa matone.

Magamba yaliyoachwa usiyatoe. Watayala na kurudisha madini yao. Isipokuwa umeona vijinyoo vyeupe vinachezacheza kwenye ncha ya pua ya kamba: hivyo huacha mayai yao ndani ya gamba, na hapo ondoa kila gamba unaloliona. Kamba mwenyewe mwogeshe kwenye kikombe cha maji ya tangi kilichoyeyushwa kijiko kikubwa kimoja cha chumvi, sekunde 30 hadi 60, kisha mrudishe.

Kizazi cha nne kimedumaa

Rangi ni nzuri kuliko wakati wowote, lakini majike wanapakata mayai 12 badala ya 25, watoto wanakua taratibu, wachache wana pua iliyopinda, na vifo vya hapa na pale haviishi. Kwa kawaida mtu husema mara moja: wamezaliana ndugu kwa ndugu. Huenda. Lakini dalili hizo hizo hutolewa na tangi lililozeeka. Udongo maalumu unaoshusha pH kwa ajili ya Caridina hupoteza nguvu baada ya mwaka mmoja au miwili, pH inapanda kidogo kidogo, uchafu unajazana chini, na mfugaji hapimi tena kwa kuwa "tangi hili limeshatulia".

Njia ya kujua ni kuleta mashahidi. Tafuta kamba 6 au 8 wasio na undugu na wako, waweke kwenye sanduku lao lenye matundu ndani ya tangi hilo hilo, wasizaliane na wako. Kisha chukua 6 au 8 wa kwako uwapeleke tangi lenye maji mapya mazuri. Ngoja matumbo mawili. Wageni wakidumaa pia, tengeneza maji. Wageni wakistawi na wako wakaendelea kusinyaa hata huko walikohamia, ni damu.

Ikiwa ni damu, dawa ni kuingiza damu ya nje ya rangi ile ile, na kuvumilia kwamba kizazi kimoja au viwili rangi itashuka. Wengi hushindwa hapo. Wanawaona watoto wa kwanza wamefifia wanawatoa wote, na kumbe nguvu waliyoitafuta imo ndani yao. Mwenye nafasi aanze mapema kwa kuweka matangi mawili ya mstari mmoja, waanzilishi 15 au 20 kila moja, kutoka vyanzo viwili, achuje kila tangi kivyake, na kila vizazi vitatu vinne ahamishe madume wachache kutoka huku kwenda kule. Na anapochuja asitazame rangi pekee. Mimi huandika pia nani alipakata mayai mengi na nani huja mbio chakula kikidondoka.

Wamekufa wote kwa usiku mmoja

Usitafute damu hapa. Ni sumu: dawa ya mbu iliyopuliziwa chumbani, shaba iliyomo kwenye dawa ya samaki au bomba jipya, klorini au kloramini ya maji ya bomba ambayo haikuondolewa, mkono uliopakwa losheni. Majani mapya ya majini nayo huja na dawa ya wadudu; yaloweke wiki nzima huku ukibadilisha maji yake.

Waliotolewa

Kamba uliyemwondoa kwenye mstari hana kosa. Mpe tangi lake, lenye majani na chakula kile kile. Usimwachie mtoni wala kwenye mfereji: Neocaridina wa mapambo wamekwisha kuonekana porini Ujerumani, Polandi na Hawaii.

Tangi langu la waliotolewa lina changarawe nyeusi na halina wavu. Kila mwisho wa mwezi nazima taa ya chumba, namulika tochi kutoka ubavuni, na kushuka na mwanga polepole mpaka kwenye miguu. Huwa simkosi mmoja wa kumrudisha.